Kofia ya kiua aliyoshona marehemu mama: ifuliwe, ikatwe au itiwe fremu?

Waaleikum salaam warahmatullah, mwanangu wa Wete. Barua yako nimeisoma mara mbili na picha zako nimezitazama kwa miwani, moja moja.

Nieleze kwa ufupi ulichoniuliza, wasomaji wengine wapate kufuata. Mama yako, Mungu amrehemu, alimshonea baba yako kofia ya kiua, ile yenye nakshi ya vitobo vilivyozungushwa uzi kwa mkono, siku za uchumba wao, kabla ya harusi ya mwaka 1981. Baba aliivaa Ijumaa na Idd kwa miaka yote. Tangu mama alipotangulia mbele ya haki, miaka 4 iliyopita, baba anaivaa kila siku, hata akienda sokoni. Sasa ukanda wa pembeni umepasuka mbele na nyuma, ukingo wa chini umechakaa na kuwa manjano, vitobo kama 12 vimefumuka, na juu kuna doa la kutu kwa sababu kofia ilikuwa ikitundikwa msumarini. Fundi wa cherehani anataka kuukata ukanda wote atie mpya. Jirani anasema itiwe dawa ya klorini irudi weupe wake. Kaka yako anataka iwekwe fremu ukutani. Unaniuliza umfuate yupi.

Usimfuate yeyote katika hao watatu, angalau kwa sasa. Na kabla ya mimi pia hujanifuata, kaa na baba yako baada ya Alasiri umuulize anataka nini. Ile ni kofia yake. Wazee wengi hukubali kofia itengenezwe wakiambiwa mapema, lakini huvunjika moyo wakiikuta imeshafanywa kitu. Muulize hasa habari ya lile doa la jasho mbele, pale paji la uso linapogusa. Kwako wewe ni uchafu. Kwake huenda ni miaka 40 ya sala za Ijumaa. Akisema libaki, libaki.

Akikubali, sikiliza sasa niliyonayo.

Katika kofia ile kuna kazi ya mama na kuna vitu ambavyo si kazi yake. Kazi ya mama ni nakshi: viua na vitobo vile, mstari kwa mstari. Kitambaa alikinunua dukani. Bitana ya ndani, kwa ninavyoona katika picha yako ya tatu, imeshabadilishwa na mtu mwengine, kwani mshono wake ni wa cherehani. Ukingo wa chini umepindwa upya angalau mara moja. Kwa hiyo bitana na ukingo unaweza kuvigusa, kuvitoa, kuvibadilisha bila kuona uchungu. Nakshi hatukati hata uzi mmoja. Fundi akikata ukanda ataondoa zaidi ya nusu ya kazi ya mama yako, maana nakshi nyingi iko pembeni, kisha atakurudishia kofia nzuri ambayo baba hataitambua.

Nataka ujue kazi ile ilivyofanywa, kwa sababu matengenezo yote yanatokana na hapo. Kofia ya kiua huwa na matabaka mawili ya kitambaa cha pamba, na nyengine hupitishwa uzi mnene baina yake ili ukanda usimame. Nakshi huchorwa kwanza kwa penseli. Kisha kila kitobo hutobolewa kwa kitu chenye ncha, bila ya kukatwa: nyuzi za kitambaa husogezwa tu, zikatoa njia. Halafu mshonaji anazungusha uzi kwenye ukingo wa kitobo, mchomo ubavuni mwa mchomo, anavuta, anakaza. Mimi huzungusha mara 12 mpaka 15 kwa kitobo kisichozidi punje ya mtama. Mwanamke aliyekuwa na nyumba, kuni na maji ya kuteka, akishona jioni tu barazani, kofia kama ya baba yako ilimchukua miezi.

Sasa ona faida yake. Kwa kuwa nyuzi za kitambaa hazikukatwa, kitobo kilichofumuka si shimo lililochanika. Ni mlango ulioachwa wazi tu. Ukizungusha uzi tena, unafungika pale pale pa zamani. Vile vitobo 12 vinavyokutia hofu ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Nzito ni ile mipasuko miwili ya ukanda. Kofia ikikunjwa kwa miaka ile ile mahali pale pale, nyuzi za pamba huvunjika kwenye mkunjo kama jani kavu, na hapo hakuna cha kufunga tena. Panataka kiraka cha ndani.

Lakini kufua kwanza. Uzi mpya haukai juu ya kitambaa chenye jasho la miaka; chumvi na mafuta ya mwili yanaendelea kukila kitambaa chini ya mshono wako mzuri.

Habari ya klorini lazima niikatae kwa ukali, na nitakwambia kwa nini. Miaka mingi nyuma, nikiwa bado mwanafunzi wa bibi yangu hapa mjini Unguja, mama mmoja wa mtaa wa Ng'ambo aliniletea kofia ya marehemu mumewe. Bibi alikuwa safarini. Mimi kwa haraka ya kumfurahisha niliitia dawa ile usiku mzima. Asubuhi ilikuwa nyeupe kama maziwa, na yule mama alinishika mkono akanishukuru. Alirudi baada ya mvua za masika. Kofia ilikuwa bado nyeupe, ila akiishika tu nyuzi za nakshi zinakatika vidoleni, vitobo vinaachia kimoja baada ya chengine. Klorini haichagui doa ikaacha pamba. Inakula vyote viwili, na isiposuuzwa ikaisha kabisa huendelea kula nguo ikiwa kabatini. Sikuweza kuiokoa kofia ile. Yule mama hakunilaumu, na hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi. Tangu siku hiyo dawa hiyo haiingii katika chumba changu cha kazi. Na kwa doa lako la kutu ni hatari zaidi: klorini hulikoleza.

Fua hivi. Pima kwanza mzunguko wa kofia kwa futi ya fundi, uandike. Fumua ile bitana ya cherehani kwa mkasi mdogo wa ncha, ukikata uzi wake kwa upande wa ndani, usivute. Tafuta maji ya mvua. Visima vyetu vingi vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, maji yake yana chokaa, na sabuni ikikutana na chokaa huganda ikawa utando wa kijivu unaong'ang'ania kwenye nyuzi. Nguo nyeupe nyingi za Unguja na Pemba zinazosemwa "zimezeeka" zimejaa utando huo tu. Lita 10 za maji ya mvua zinatosha kazi yote.

Chukua chekeche pana la plastiki, tandika kipande cha chandarua kikuukuu kilichofuliwa vizuri, weka kofia juu yake, kisha lishushe chekeche lenyewe ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Usiinyanyue kofia kwa mkono ikiwa imerowa. Uzito wa maji peke yake unatosha kuurefusha mpasuko. Iache nusu saa. Utaona maji yanageuka rangi ya chai ya rangi. Usiogope, huo ndio umanjano unaotoka wenyewe. Nyanyua chekeche, mwaga, tia maji mengine. Rudia mpaka yabaki meupe, hata ikiwa mara 5. Katika maji ya pili tu ndipo utie sabuni laini ya maji isiyo na rangi wala harufu kali, kijiko kimoja cha chai, ukiibonyeza kofia kwa kiganja bila ya kuisugua. Maji mengine yote ni ya kusuuza.

Ikibaki manjano kidogo, iache. Kitambaa cha pamba cha miaka 40 na kitu hakipaswi kuwa cheupe kama karatasi. Na chunguza bitana ya asili kama ipo kipande: ikiwa mama alitumia merikani badala ya bafta, kile kitambaa cheupe cha pamba kilichopaushwa, basi rangi ya maziwa ya mgando ndiyo rangi yake tangu dukani, maana merikani haikupaushwa kiwandani. Kitambaa hicho kilipata jina lake hapa hapa kwetu, kutokana na wafanyabiashara wa Marekani waliokuwa wakikileta Unguja kwa merikebu. Biashara hiyo ilishika kasi baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Seyyid Said na nchi yao, na jina likabaki hata kitambaa kilipoanza kutoka kwengine.

Doa la kutu lishughulikie peke yake, kofia ikiwa bado mbichi. Kamua ndimu, chovya ncha ya pamba, ligonge doa taratibu, dakika 10 zisizidi, kisha suuza pale mahali kwa maji mengi. Likipungua nusu, shukuru, ukarudie siku nyengine. Asidi ya ndimu ikikaukia kwenye pamba kuukuu, hasa juani, itakuachia tundu mahali palipokuwa na doa. Najua mabibi zetu walianika nguo yenye ndimu na chumvi juani, na kwa nguo mpya inafaa. Kwa hii, hapana.

Kausha kivulini penye upepo, juu ya faruma. Faruma ni kile kigogo cha mbao kinachovishwa kofia ili zishike umbo, na mafundi wa zamani wanazo. Usipoipata, tafuta bakuli au ndoo ndogo ya plastiki yenye mzunguko ule ulioupima, ivishe kitambaa cheupe, uigeuze chini juu, uivike kofia. Usitumie bakuli la bati. Rangi yake ikibanduka kidogo tu utapata kutu nyengine. Na usianze kazi hii masika. Kuanzia Machi mpaka Mei kitu kinachukua siku mbili kukauka, na ukungu hauhitaji muda mrefu zaidi ya huo. Ukingoja kipupwe kiingie, upepo mkavu wa kusi utakusaidia.

Sasa sindano. Ulisema wewe mwenyewe unajua kushona kidogo, mama alikufundisha. Basi ningependa uishone wewe, pole pole, badala ya kuileta kwangu. Hapo nasema kwa moyo wangu, si kwa kukwepa kazi.

Kwa kiraka na bitana usinunue kitambaa kipya ukiweza. Kitambaa kipya kina nguvu kuliko kile cha zamani, na viwili vikishonwa pamoja kigumu humrarua mnyonge. Muombe baba kanzu yake kuukuu, ile aliyokwisha kuiacha, ya pamba tupu. Imeshafuliwa mara mia, imeshajikaza kadiri itakavyojikaza, na ni laini kama kofia yenyewe. Hakikisha ni pamba: chomoa uzi mmoja, uwashe. Pamba huungua ikatoa harufu ya karatasi na kubaki jivu jepesi. Uzi wa nailoni na jamaa zake huyeyuka ukaacha kishanga kigumu. Kwa sababu hiyo hiyo, uzi wa kushonea uwe wa pamba na mwembamba. Ule uzi wa cherehani unaong'aa haukatiki, na hilo ndilo kosa lake: mshono ukivutwa, kitakachokatika ni kitambaa cha mama.

Kata kipande cha kanzu kinachopita mpasuko kwa vidole viwili kila upande, kwa sababu pamba iliyo karibu na mpasuko nayo imeshachoka, inangoja zamu yake. Kilaze kwa ndani. Geuza kofia, uzisogeze kingo mbili za mpasuko mpaka zikutane, zisipandane. Zikipandana kofia itapungua, na baba ataihisi inambana kabla wewe hujaona kitu. Piga bandi za kushikilia kwa uzi wa rangi, utautoa baadaye. Kisha tililia: mistari ya sindano sambamba, inayoanzia kwenye kitambaa kizima, inavuka mpasuko, inaingia kwenye kitambaa kizima cha upande wa pili. Usiifikishe mistari yote mahali pamoja. Mmoja mrefu, mmoja mfupi. Ikiishia mstari mmoja, pale pale ndipo patakapopasuka tena.

Sindano ipite baina ya vitobo. Utaona nafasi ndogo ya kitambaa kitupu kati ya kiua na kiua, kama njia ya mguu katikati ya mashamba. Humo ndimo utakapopita. Ukichoma ukingo wa kitobo unapasua uzi wa mama kwa ncha ya sindano, na uzi uliopasuliwa haushikani tena. Kazi ya mpasuko mmoja inaweza kukuchukua jioni tatu. Mwanga ukipungua, acha.

Kwa vitobo vilivyofumuka, ncha za uzi wa zamani usizikate. Zilaze upande wa nyuma, anza uzi mpya kando yake, na michomo yako ya mwanzo ipite juu ya ncha ile uifungie ndani. Uzi wako utakuwa mweupe zaidi kidogo. Kuna wanaouchovya kwenye chai ili ufanane; mimi sifanyi, chai ina tindikali yake na hubadilika rangi kwa kadiri ya miaka. Mtu akiitazama kofia kwa hatua mbili asione tofauti. Akiishika mkononi aone kwamba hapa palishonwa tena. Sioni aibu katika hilo.

Ukingo wa chini ndio unaokufa mwanzo katika kila kofia, kwa sababu ya jasho. Hapa nakupa jambo ambalo bibi yangu alinifunza na wateja wangu wote wanalipenda. Kata ukanda wa kanzu ile ile kwa mshazari, upana wa vidole vitatu, uupinde mara mbili, kisha uushikize kwa ndani tu, kwa michomo mirefu inayofumuka kwa urahisi. Huo ndio utakaokunywa jasho. Kila mwezi unaufumua, unaufua, unaurudisha, na kofia yenyewe inapumzika na maji. Kofia nyingi hazifi kwa kuvaliwa. Zinakufa kwa kufuliwa.

Wanga tia mwepesi sana, tena siku moja kabla ya kuvaliwa. Pasi usipitishe juu ya nakshi. Inabapa viua na moto wake unavikausha. Ivike kofia kwenye faruma ikiwa na unyevu wa wanga, iache isimame yenyewe.

Kuhusu fremu ya kaka yako: baba yu hai na anaivaa. Kuitundika ukutani sasa ni kumvua mzee kofia kichwani. Siku itakayohitajika, kioo kisiiguse, gundi isitumike, na isiwe ukuta wa upande wa bahari wala unaopigwa na jua. Hayo tutaongea wakati wake.

Lakini nina ombi moja, na hili si la kutengeneza. Kofia hiyo hata ukiishona vipi haitavumilia kuvaliwa kila siku. Irudi kuwa ya Ijumaa na Idd. Na baba apate nyengine ya siku zote yenye nakshi ile ile. Kuipata nakshi ni rahisi kuliko unavyodhani. Kofia ikiwa kavu na safi juu ya faruma, funika kipande cha ukanda kwa karatasi nyembamba, uishike isicheze, kisha laza penseli laini kwa ubavu wake, si kwa ncha, uipitishe polepole juu ya karatasi. Viua vitajitokeza vyenyewe, kimoja kimoja, kwa sababu vimenyanyuka. Utaona hata mahali mama alipokosea hesabu. Katika picha yako ya kwanza, nyuma karibu na mshono wa kuungia, kuna safu yenye vitobo 6 ilhali zote nyengine zina 7. Nakuomba usiisahihishe katika kofia mpya.

Ukimaliza karatasi, andika hesabu ya vitobo vya kila safu pembeni, tangu ukingo mpaka juu. Anza kushona kofia ya siku zote na safu ya chini, ndiyo iliyo nyepesi, na picha yake niletee kabla ya kupanda ya pili nikuone mkono ulivyo.

Kofia ya mama, isipovaliwa, isikunjwe. Fua wanga utoke wote kabla ya kuiweka, maana mende na wadudu wa karatasi wanaufuata wanga, si pamba. Ijaze ndani kwa kitambaa cheupe kilichofuliwa, izungushie chengine, uiweke juu ya vitu vyengine sandukuni, si chini yake. Mfuko wa nailoni hapana, unafungia unyevu. Gazeti hapana, linatia umanjano. Mara moja kwa mwezi ifungue ipate hewa. Na ile karatasi ya penseli iweke mbali nayo, kwenye bahasha yake. Vumbi la penseli likiingia kwenye vitobo halitoki.